Bafu langu jeupe limepoa mno: nianze na rangi, vitambaa au nini?

Bado_Nachagua

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina bafu dogo. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, unakaribia kugusa kuta zote mbili. Vigae vyeupe vya kung'aa vimepanda hadi usawa wa bega, juu yake ukuta mweupe, dari nyeupe, sakafu ya kijivu. Taa ni moja tu, katikati ya dari, yenye ule weupe wa kuelekea bluu. Kona ya shawa ina fimbo na pazia la plastiki. Kila kitu ni kizima, hakuna kinachovuja, kwa hiyo kubomoa sitaki. Lakini ukiingia asubuhi unajiona uko kwenye chumba cha kuchomwa sindano.

Nataka lichangamke. Lipate joto, liwe na utani kidogo, mtu akitoka humo atoke anatabasamu. Linatumiwa na watoto na sisi wakubwa, kwa hiyo sitaki samaki wa katuni ukutani. Mwenzangu anaogopa rangi. Kwake bafu ni jeupe, mjadala umefungwa. Mimi nimekusanya picha chungu nzima: kuta za waridi, vigae vya kijani, mazulia ya matamvua, mapazia ya maua makubwa. Kila moja peke yake inapendeza, nikiziweka pamoja kichwani zinagombana.

Nianze na nini, rangi ya ukuta au taulo na pazia? Vitambaa vingi havitaniletea ukungu? Na hilo "joto" ambalo kila mtu analisifia, linatoka wapi hasa?

Nyeupe_Milele

Mwenzako ana akili. Kwenye bafu jeupe uchafu unauona na unausafisha. Kwenye bafu la rangi unaishi nao bila kujua. Nunua taulo mbili nyekundu, umemaliza kazi.

Fundi_Vigae

Kwanza gonga vigae vyako kimoja kimoja kwa kidole. Kama vyote vinatoa sauti nzito, viko imara, waache wanaokushawishi kuvunja. Kinachotoa sauti ya utupu kimeachia nyuma, na hicho kirekebishwe kabla ya mapambo yoyote.

Pili, utakutana na watu wakikuambia upake vigae rangi. Nje ya eneo la maji inaweza kukaa, ukisugua mafuta yote na kutanguliza praima yake. Ndani ya shawa mimi sikushauri. Maji ya moto kila siku, sabuni, kusuguliwa. Rangi inaanza kubanduka kwenye kingo na ukarabati wake unachosha kuliko kigae kipya.

Kitu ambacho wengi wanakisahau ni grauti. Mistari iliyo kati ya vigae vyako nadhani ni myeupe, au ilikuwa. Ukikwangua ya juu na kujaza ya rangi, kwa mfano ya udongo wa kuchoma au njano iliyopoa, vigae vile vile vyeupe vinageuka mchoro wa miraba ukuta mzima, na hujabeba hata nyundo. Jaribu kwanza sehemu ndogo nyuma ya mlango na usihukumu ikiwa mbichi: grauti ya saruji ikikauka inakuwa hafifu kuliko ulivyoiona kwenye ndoo. Vigae vyenye kioo juu havinyonyi rangi yake. Vile vibichi visivyo na kioo vinanyonya, kwa hiyo hakikisha vyako ni vya aina gani.

Na sakafu. Ukija kuibadilisha siku moja, usichague kwa macho tu. Wajerumani wana kipimo cha miguu mitupu yenye maji, DIN 51097, chenye madaraja A, B na C. Eneo la shawa tafuta B kwenda juu. Vigae vidogo vidogo vinasaidia pia, maana mistari mingi ya grauti inashika unyayo.

Sindano_na_Uzi

Dada, swali lako la mwisho ndilo linalojibu mengine, kwa hiyo naanza nalo.

Joto la bafu haliko kwenye rangi peke yake. Vua viatu, weka mguu mmoja kwenye kigae na mwingine kwenye taulo kavu lililolala hapo hapo sakafuni tangu jana. Vyote viwili vina jotoridi lile lile la chumba, lakini kigae kitakuuma ubaridi na taulo halitakuuma. Kigae kinalinyakua joto la mguu upesi. Pamba, kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, inalichukua taratibu. Sasa piga kofi moja. Mlio utakurudia kutoka kila upande, kwa sababu vigae, kioo na dari ni vitu vigumu visivyomeza sauti. Mguu na sikio vimekwisha kukuambia kinachokosekana humo kabla hujafungua kopo la rangi: hakuna kitu laini. Ndiyo maana wapo waliopaka ukuta rangi ya chungwa wakabaki wanashangaa mbona bafu bado limepoa.

Kwa hiyo anza na kitambaa. Sisemi hivyo kwa sababu mimi ni mshonaji. (Haya, kidogo.)

Nasema hivyo kwa sababu rangi ya ukuta huchanganywa. Unampelekea muuza rangi kipande cha kitambaa, unanyooshea kidole jani moja kwenye mchoro, anakutengenezea jani lile. Kitambaa hakichanganywi, unakichukua kilivyo. Ukipaka ukuta waridi halafu ukaenda kutafuta pazia la kuendana nao, utarudi na waridi inayokaribia. Hiyo inayokaribia inakera macho kuliko rangi mbili ambazo hazijuani kabisa.

Bafu lako lina kitambaa kimoja kikubwa kuliko vyote, nacho ni pazia la shawa. Hilo ndilo liwe bwana wa chumba. Chagua mchoro mkubwa: maua ya ukubwa wa sahani, mistari minene, majani yanayopanda hadi juu. Wenye bafu dogo huona haya, wakachukua vimaua vya ukubwa wa kucha wakidhani ndiyo adabu. Ukisimama mlangoni vimaua hivyo vinayeyukiana na kuwa rangi moja isiyo na jina. Mchoro mkubwa unasomeka, na pazia likiwa na mikunjo unakatika katika, hivyo hauwi mkali kama ulivyouona umetandazwa dukani.

Lishone au lishonewe katika tabaka mbili. La nje ni kitambaa chako cha pamba au kitani, linaning'inia nje ya eneo la maji. La ndani ni bitana la kuzuia maji, la polista iliyofumwa kwa kubana au plastiki isiyo PVC, na hilo ndilo linalolowa. Polista inaingia mashineni, kwa hiyo mimi naipenda zaidi. Upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu ya fimbo. Ukikata sawa na fimbo, pazia likifungwa linakuwa ubao. Fimbo ipandishe karibu na dari badala ya kuiacha ilipo. Mapazia mengi ya kununua yana sentimita 180 kwenda chini, na hapo ndipo mtu anajikuta ameshusha fimbo ili ilingane na pazia, akalikata bafu lake katikati. La kushona halina shida hiyo. Pindo liishe sentimita tatu au nne juu ya sakafu, lisifagie maji. Na kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya mkasi kukigusa, kwa sababu kitapungua tu, bora kipungue kikiwa bado mali ya meza yako. Vitundu vya pete viwe vya shaba nyeupe au plastiki. Chuma kinashika kutu, na kutu kwenye pamba haina dawa ya heshima.

Sasa ukungu, maana hapo ndipo watu wanapoogopa vitambaa bure. Ukungu haupendi kitambaa kwa kuwa ni kitambaa. Unapenda kitu kilichokaa na maji. Kitu kikibaki kibichi siku moja hadi mbili, umeukaribisha. Sheria yangu ni moja na ni kali: kila kitambaa cha bafuni lazima kiwe kimekauka kabla ya mtu kukihitaji tena. Kisichoweza, hakifai kuwemo humo hata kiwe kizuri namna gani. Pazia baada ya kuoga livutwe lifunguke lote, lisikusanywe pembeni. Zulia linyanyuliwe likalie ukingo. Dirisha wazi au feni ya kutolea hewa iendelee kama dakika ishirini baada ya mtu wa mwisho. Ukipata kipima unyevu kidogo cha kutundika, kitazame: kikikaa juu ya asilimia 60 muda mrefu, tatizo lako ni hewa, na hakuna pambo litakaloliondoa.

Sheria hiyo hiyo ndiyo inayokuchagulia taulo. Watu wanabonyeza taulo dukani, likiwa nene wanafurahi. Tazama uzito ulioandikwa, gramu kwa mita ya mraba. Kwenye 700 na zaidi ni taulo la kifahari ambalo bafu lisilo na hewa nzuri halitalikausha hadi kesho yake. Kati ya 400 na 500 linanyonya vya kutosha na linakauka. Kama watoto ni wengi na taulo hazipumziki, chukua zile zilizofumwa kwa vishimo vya mraba, au kitani, au taulo bapa za mtindo wa Kituruki zenye matamvua. Ni nyepesi, zinakauka upesi, na zina umbile la kuonekana, siyo unene tu. Umbile ndilo ulilokuwa unaliona kwenye picha zako bila kulijua: ukuta wako unang'aa na umelala, kwa hiyo kila kilicho mbele yake kiwe na mabonde, vifundo, mistari ya kupapasa. Kikapu cha kusukwa cha nguo chafu. Kigoda cha mbao. Zulia la kufuma lenye matuta. Umbile linaleta uchangamfu hata rangi zikiwa za upole, na hapo mwenzako anaweza kukubali bila kujua amekubali.

Usitumie kilainisha nguo kwenye taulo. Kinafunika nyuzi, taulo linakuwa laini mkononi na linateleza juu ya maji badala ya kuyanyonya. Za rangi kali zifue peke yake mwanzoni, nyekundu hasa. Ile nyekundu ya Nyeupe_Milele ndiyo itakayomgeuzia soksi.

Zulia: nyuma yake kukiwa na mpira uliogandishwa, usilikaushe kwenye moto mkali, mpira unapasuka na kumwaga vipande. Napendelea zulia la pamba la kufuma lisilo na mgongo, na chini yake kile kipande cha wavu wa kuzuia kuteleza. Vinafuliwa mbali mbali. Na liwe kubwa kuliko unavyodhani. Kizulia cha ukubwa wa unyayo kinaonekana kimepotea njia.

Utani nimeuacha mwisho. Chagua mzaha mmoja, usichague mitano. Mlango wa kabati la sinki uwe mtulivu nje, ndani umepakwa njano inayopiga kelele. Au dari. Hakuna anayetarajia dari ya samawati, na anayelala kwenye maji anaitazama kuliko anavyoutazama ukuta. Au kulabu za taulo, kila mtu rangi yake, taulo lenye mkanda wa rangi ile ile. Hili nalishona mara kwa mara kwenye nyumba zenye watoto, na faida yake inazidi urembo, kwa sababu ugomvi wa "hilo langu" unaisha na taulo lililoachwa sakafuni linajulikana la nani. Mzaha ukiwa mmoja mtu anaugundua. Ikiwa mitano anaona fujo tu.

Taa, haraka: badilisha balbu. Kwenye boksi pameandikwa namba na herufi K, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga unaelekea njano. Yako bila shaka ni 6000 na kitu. Chukua 2700 au 3000, na kama wameandika kiwango cha uhalisia wa rangi (CRI), kiwe 90 au zaidi. Fanya hivi kabla ya kuchagua hata kipande kimoja cha kitambaa, kwa sababu kila rangi utakayochagua chini ya taa ya sasa inakudanganya.

Na kwa mwenzako, mwambie bafu jeupe halikushuka na mvua. Weupe ule ulishika kasi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu walipojua habari za vijidudu wakataka kila uso uonyeshe uchafu wake. Mwaka 1927 kampuni ya Kohler ilikuwa tayari inauza sinki, choo na beseni vya rangi zinazolingana. Miaka ya 1950 Wamarekani walijaza nyumba zao mabafu ya waridi, na rangi ile ikafungamanishwa na Mamie Eisenhower, mke wa rais wao, aliyeipenda waziwazi. Zikafuata za kijani cha parachichi. Kisha weupe ukarudi. Mzunguko tu huo, na yeye amezaliwa kwenye kipande chake.

Fundi_Vigae

Mama Sindano umenena. Naongeza kwenye umbile: hata kigae kinaweza kuwa nalo. Zellige za Moroko, zile za udongo wa Fes zinazokatwa kwa mkono, hakuna mbili zilizolala sawa. Mwanga ukigonga ukuta ule unavunjika vunjika, ndiyo maana unaonekana una uhai ingawa ni mgumu kama kigae kingine chochote. Na wana lipu yao ya chokaa, tadelakt, inayosuguliwa kwa jiwe na kupakwa sabuni ya mafuta ya zeituni. Sabuni inashikana na chokaa, uso unakataa maji. Laini, mviringo kila kona, huoni mstari hata mmoja. Ila lipu hiyo inataka mtu aliyejifunza. Akikuambia ataijaribu kwako, mshukuru umfungulie mlango atoke.

Bado_Nachagua

Asanteni sana. Nimebadilisha balbu kwanza kama mlivyosema, na kusema kweli ningeweza kuishia hapo. Vigae vyeupe vimekuwa na rangi ya maziwa.

Pazia nimeshalipata pia. Kitambaa cha pamba, mandhari ya rangi ya mchanga, maua makubwa ya nyekundu ya matofali, majani ya kijani kilichokolea, na katikati ya maua kuna njano kidogo. Mwenzangu alilitazama kimya, kisha akauliza kama litakuja na maua mangapi. Nimelihesabu hilo kuwa ndiyo.

Mama Sindano, nina mawili. Ukuta wa juu ya vigae nataka ule wa kijani cha majani, je utafaa? Na taulo zetu za sasa ni za bluu, zimepata mabaka ya chungwa. Nilidhani ni dawa ya klorini, lakini situmii. Nikinunua nyingine za rangi si zitaharibika vile vile?

Sindano_na_Uzi

Mabaka ya chungwa kwenye taulo la bluu? Kuna kijana ndani ya nyumba mwenye chunusi? Tazama tyubu ya krimu yake, utakuta benzoili peroksaidi. Dawa hiyo inachujua rangi. Inabaki kwenye ngozi na mikononi, mtu anajifuta, rangi inaondoka na hairudi. Maji hayaiokoi, sabuni hainusuru. Usimkataze dawa yake, mpe taulo dogo la uso jeupe na foronya nyeupe. Hapo Nyeupe_Milele ameshinda pointi moja. Taulo zilizotiwa rangi ngumu, ambazo lebo yake inasema zinahimili klorini, zinastahimili zaidi. Lakini jeupe kwa uso ni rahisi na halina mjadala.

Kijani ukutani: kwa kitambaa hicho, ndiyo. Kwa kioo chako, hapana, au siyo kote. Ukuta unarudisha rangi yake usoni kwa mtu aliyesimama karibu. Kijani kilichokolea pande zote kitakufanya ujione mgonjwa kila asubuhi, na utamlaumu usingizi. Udongo wa kuchoma uliopauka, pichi, waridi yenye vumbi, hizo zinarudisha afya usoni. Kwenye pazia lako rangi hiyo ipo, siyo kwenye ua lenyewe, ipo ukingoni mwake pale nyekundu inapokutana na mchanga. Mpelekee muuza rangi ukingo huo. Ukuta usichukue rangi inayopiga kelele zaidi kwenye kitambaa. Hiyo iachie kitambaa. Kijani kiweke kwenye mlango kwa ndani, au kabati, kikuangalie kwa mbali.

Kabla ya kupaka, paka karatasi ngumu kubwa, siyo kipande cha kadi ya dukani, uisogeze sogeze: kando ya dirisha asubuhi, kando ya taa usiku, karibu na kigae, karibu na pazia. Kisha chagua iliyo hafifu kidogo kuliko hiyo iliyokufurahisha. Kuta nne zikitazamana zinamwagiana rangi, na rangi iliyokuwa tulivu kwenye karatasi inakolea chumbani. Bafu dogo linaongeza hilo maradufu. Aina ya rangi iwe ya akriliki yenye mng'ao wa wastani, inayofutika kwa kitambaa kibichi. Ile isiyong'aa kabisa inapendeza picha, kisha matone ya maji yanaiachia michirizi.

Usinunue taulo zenye maua tena. Umeshapata mchoro mkubwa. Sasa taulo ziwe na mistari, na zulia liwe na kitu kidogo kidogo au rangi moja yenye matuta. Mkubwa, mstari, mdogo, na vyote vishiriki rangi angalau moja. Mimi ningechukua ile njano ya katikati ya ua, ambayo ni kidogo kuliko zote, nikaifanya mkanda kwenye kila taulo. Mtu hatajua kwa nini vinaelewana.

Na kama unaweza, uongeze taa mbili ndogo kila upande wa kioo, usawa wa uso. Taa ya juu peke yake inakuchimbia vivuli chini ya macho. Fundi umeme achague zenye alama ya IP44 au zaidi, yaani zilizokingwa na maji yanayorukia, na asikubali ombi la kuziweka zile za sebuleni kwa kuwa ni nzuri.

Fundi_Vigae

Kwa kitambaa hicho, grauti ya rangi ya mchanga. Usiende kwenye nyekundu, itashindana na pazia.

Nyeupe_Milele

Mimi sijahama. Ila swali la pembeni kwa mama mshonaji, usicheke. Pazia langu (jeupe, ndiyo) kila nikifungua shawa linanifuata miguuni na kujibandika. Ni kwa sababu ni la plastiki au kuna kitu nakosea?

Sindano_na_Uzi

Sicheki, wenzako wamelifanyia sayansi. Mwaka 2001 David Schmidt wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alipewa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile ya utafiti wa kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kueleza kwa sehemu kwa nini pazia la shawa huvutwa ndani. Aliiga manyunyu ya shawa kwenye kompyuta, akaona yanazungusha hewa na kufanya kimbunga kidogo kilicholala, katikati yake mgandamizo wa hewa unashuka, na pazia linaenda huko. Hukosei kitu.

Dawa ni uzito na nafasi. Bitana la ndani litiwe mnyororo mzito uliofunikwa plastiki ndani ya pindo la chini. Kama beseni lako ni la chuma, sumaku mbili zilizofunikwa plastiki zinatosha, moja kila kona. La kigae halishiki sumaku, kwa hiyo hapo ni pindo zito tu. Acha mwanya wa vidole viwili kila mwisho wa fimbo, hewa ipite pembeni badala ya kulisukuma pazia. Na fimbo iliyopinda kuelekea nje inakupa nafasi ya kiwiko, kama ukuta wako unaruhusu kuifunga.

Ukilishona upya, niambie urefu wa fimbo na kutoka fimbo hadi sakafuni, nikupe vipimo vya kukata. Nyeupe pia nashona.